Gundi ya Kope

Mama yangu aliosha maiti wa kike wa Timbwani, kwetu Likoni, kwa zaidi ya miaka thelathini, na hakuna kitu alichokichukia kama rangi ya kucha. Akiitwa msibani, kabla ya sanda na kabla ya karafuu maiti, alivishika vidole vya marehemu na kuvikagua kimoja kimoja. Akiona rangi, au plasta, au kope za bandia, aliguna. Kisha alitoa kichupa mkobani akasugua mpaka ngozi ikabaki ngozi. Maji lazima yafike. Hilo alitufundisha sisi watoto wake kabla hatujajua kusoma, na aliwafundisha wasichana wa chuo cha Kurani mpaka wakawa wanamwiga kwa nyuma: chochote kinachozuia maji kuufikia mwili kinaharibu josho, na aliye hai ana mikono ya kujisugulia, kwa hivyo hana udhuru.

Naanza na hilo kwa sababu bila hilo utasema alikuwa bibi mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa mkali kuliko sisi sote, na ukali wangu mimi nimeurithi kwake, waulize majirani.

Sukari alikuwa nayo miaka mingi. Alidungwa sindano asubuhi na jioni, na kabla ya sindano alichomwa kidole ili apimwe. Nilipoachika nikarudi kwake Likoni, kazi hiyo ikawa yangu. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimetoboka kama chujio la chai, mpaka kutunga uzi kwenye sindano ya kushonea kukawa mtihani. Lakini tulikwenda. Mimi namchoma, yeye anasema "bismillahi" na kukunja uso, nami namtajia namba. Ikiwa nzuri anapata hamri la pili. Ikiwa mbaya tunalaumiana mpaka adhuhuri.

Kisha mdogo wangu akatuma kidude.

Mdogo wangu anaendesha lori Uarabuni. Ni kitinda mimba, na ni mwanamume peke yake. Kidude kilikuja na msafiri ndani ya kiboksi cheupe: kitu cha duara, kipana kuliko kizibo cha soda kidogo tu, kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko. Ndani yake mna uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi na kukaa humo wiki mbili ukipima sukari bila kumchoma mtu. Namba inakwenda kwenye simu ya mama, na kutoka hapo inakwenda kwenye simu ya mdogo wangu, huko huko barabarani aliko. Kila dakika chache, mchana kutwa.

Nami nikaacha kuwa binti anayemuuguza mamake, nikawa mtumishi wa kupigiwa simu. "Dada, Mama yuko kumi na mbili. Umempa nini?" "Nimempa salamu zako," namjibu. Mama alicheka, lakini alinikata jicho vilevile.

Sitaki kusema kidude kilikuwa kibaya. Jirani yetu mmoja anacho na kinamfaa. Mwili wa mama ndio haukuelewana nacho. Baada ya siku tano alianza kujikuna juu ya dera. Wiki mbili zilipotimia tukakibandua, na mahali pake palikuwa pekundu, duara kamili, pamejaa malengelenge madogo. Mdogo wangu akatuma vingine, tukahamia mkono wa pili, yakawa yale yale. Unajua joto letu la Machi. Jasho linaingia chini ya gundi halina pa kutokea, na ngozi ya mwanamke mzee mwenye sukari haiponi upesi. Mikono yote miwili ikajaa mabaka, mengine yamekuwa meusi, mengine bado mabichi.

Mara moja alisaga liwa, akaipaka kwanza mahali pale ili pawe baridi, kisha akaniambia nibandike. Kilishika mpaka alasiri. Akainama kuchota maji, kidude kikadondokea ndani ya ndoo kikaelea. Mama alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka nikashika ukuta. Simu ya mdogo wangu ikaingia papo hapo kuuliza mbona namba imepotea. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka tukicheka pamoja kwa sababu ya kile kitu.

"Mwambie kinakuwasha," nilimwambia.

"Nimwambie nini? Mwana kajinyima kule juani, anitumie mimi, kisha nimwambie chaniwasha? Sina uso huo."

"Basi nitamwambia mimi."

"Thubutu."

Kulikuwa na jambo jingine. Mama akilala baada ya sala ya adhuhuri alilalia ubavu wa kulia, kiganja chini ya shavu, kama alivyofundishwa utotoni. Kidude kikiwa mkono wa kulia kilibanwa chini yake, na namba ikaporomoka. Simu inapiga king'ora, mama anakurupuka, mdogo wangu anapiga akipiga kelele mama ale tende. Anakula. Siku moja nilimchoma kidole baada ya fujo hiyo, kwa kipimo chetu cha zamani, kikasema nane. Simu ilikuwa imesema tatu. Nikampigia mdogo wangu nikamweleza pole pole, nikiwa na hakika kwamba safari hii nimemshinda.

"Dada," akasema, "hicho kipimo chako ni cha zamani mno."

Neno hilo lilinikaa rohoni. Mimi ndiye niliyekuwa na mama chumbani, namwona macho yake na jasho lake, na neno langu halikuwa na uzito mbele ya namba iliyokwenda Uarabuni na kurudi. Tangu siku hiyo nikasusa. Stripu za kipimo cha kidole zilipoisha sikununua nyingine. Kwani za nini? Tuna kidude.

Ijumaa moja nilimpelekea mama taulo. Mlango wa bafu ulikuwa wazi kidogo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kata ya maji mkononi, na kwa ukucha wa dole gumba alikuwa akiinua ukingo wa kidude. Alikiinua nusu nzima, akamimina maji chini yake mara tatu, taratibu, midomo ikisema maneno ya josho. Kisha akakigandamiza mahali pake akakikandika plasta.

"Mama!"

"Abee."

"Wafanya nini?"

"Nakoga josho langu la Ijumaa. Wewe wafanya nini mlangoni?"

"Hicho hakibanduliwi, Mama. Uzi ukitoka basi."

"Sikukibandua. Nimekiinua. Maji yapite, kisha nakirudisha. Nshafanya hivi mara ngapi, na namba yaja."

Nikamwambia kwamba dini imetoa ruhusa, mwenye bandeji anapaka maji juu yake na inatosha. Akanitazama kama ninavyomkumbuka akiwatazama wasichana wa chuoni waliochelewa.

"Hilo mimi ndiye niliyekufundisha. Ruhusa ni ya mgonjwa. Mimi si mgonjwa, mimi nina sukari tu."

Nikamkabidhi taulo. Akajifuta, akavaa dera, halafu akaniita nyuma yangu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kitu cha aibu. Plasta haikazi, akasema, inatoka na jasho. "Nitafutia ile gundi ya wasichana, ile ya kope. Wallahi ile haitoki. Naijua mimi."

Aliijua kweli. Miaka thelathini ya kuwabandua maiti kope za bandia ilikuwa imemfundisha nguvu ya gundi ile kuliko wenye kuiuza.

Nilikwenda kuinunua jioni hiyo hiyo, duka la vipodozi kwenye njia ya kwenda feri. Kitubu kidogo cheupe, chenye picha ya jicho. Muuzaji akanitania, "Dada, arusi lini?" nami nikamwambia asubiri kadi. Ningeweza kurudi mikono mitupu nikasema sikuipata. Ningeweza kumpigia mdogo wangu nikamwambia mama anakifanya nini kidude chake kila Ijumaa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikufanya hivyo, na jibu si zuri. Sehemu moja ni kwamba nilitaka amani nyumbani. Sehemu ya pili ni kwamba nilitaka kidude kishindwe. Nilitaka namba zivurugike, mdogo wangu aone kwa macho yake kwamba kitu chake si cha kutegemewa, aseme, "Dada, ulikuwa na haki." Sikufikiria zaidi ya hapo.

Baada ya gundi namba zilianza kushuka. Tano, nne na nusu, nne. Mdogo wangu alifurahi mwanzoni. "Mashallah, Mama, unajitunza." Kisha zikafika tatu na kitu, zikakaa hapo hapo, naye akaingiwa na hofu. Akasema mama apunguze sindano. Baada ya siku mbili akasema aruke ya jioni. Halafu akasema aache kabisa mpaka namba ipande.

"Mwanangu aona huko," mama alisema, akairudisha dawa kwenye friji.

Mimi nilikuwa naona huku. Niliona anakunywa maji jagi baada ya jagi. Niliona anavyokwenda msalani, akirudi hajaketi anaondoka tena. Alianza kujifukiza udi kila siku, yeye ambaye udi wake ulikuwa wa Ijumaa na Idi, na chini ya ule udi kulikuwa na harufu nyingine niliyoifuata mpaka kwenye mkono wa dera kisha nikaiacha, kwa sababu alinisukuma. Siku ya Jumanne niliingia msalani nikakuta sisimizi wamejipanga sakafuni kuelekea tundu la choo. Hakuna mtu wa kwetu asiyejua maana ya sisimizi chooni. Bibi zetu walikuwa wakiijua sukari kwa sisimizi kabla hakijatengenezwa kipimo chochote.

Nikampigia mdogo wangu. "Mama anakunywa maji mno. Na chooni mna sisimizi."

"Sisimizi, dada?" Nilisikia lori likinguruma. "Naangalia namba hapa. Tatu nukta mbili. Ni joto hilo."

Mama alikuwa amekaa mbele yangu kitandani. Alinitazama tu, na katika yale macho mlikuwa na ombi moja: usimwambie ya gundi. Basi nilikata simu kwa hasira, nikasema kesho nitanunua stripu. Jumatano nikasema tena kesho.

Alhamisi hakuamka vizuri. Nilimkuta saa tatu asubuhi bado amelala, ulimi mzito, ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Simu ya mama ilikuwa ikipiga king'ora: mbili nukta nane. Yangu nayo ikalia. "Dada, mpe sukari! Haraka, mpe sukari, anakwenda!"

Nilikoroga vijiko vitatu kwenye bilauri. Nilimshika kichwa. Akanywa yote kwa pupa kwa sababu ya kiu, nami nikafurahi kwamba anakunywa, nikamkorogea nyingine. Nilipoona hazinduki nilimwita jirani mwenye tuktuk.

Hospitali muuguzi alimchoma kidole. Mashine ikakataa kutoa namba. Nikamwonyesha simu, nikamwambia mashine yake ni mbovu, tazama, mbili nukta nane. Yule binti hakukasirika. Alinieleza kwamba mashine ikifanya vile, sukari imepita kiasi inachoweza kuhesabu. Kisha akaunyanyua mkono wa dera, akatazama kile kidude kilivyokaa upande. "Dada, hiki kinawaongopea," akasema, akaushusha mkono akakimbilia dripu.

Daktari aliniuliza kama ana kidonda popote. Nikasema sijui. Aliniuliza tangu lini hajadungwa sindano, nikamtajia. Nikamwambia pia juu ya zile bilauri mbili, nikilia, na akaniambia si hizo. Ni siku zote zile zilizotangulia. Alisema kwa upole lakini hakunificha.

Walikuwa bado wanatafuta namna ya kumvusha kwenda hospitali kubwa ya kisiwani. Mama alifariki saa tisa, kabla ya adhana ya alasiri.

Sikuweza kumpigia mdogo wangu. Mjomba ndiye aliyempigia, hapo hapo uani kwa hospitali, nami nimesimama karibu, mkoba wa mama begani, simu yake ndani. Mjomba alimpa habari kwa maneno yote yanayotakiwa. Kisha akasikiliza, na uso wake ukabadilika.

"Asema si kweli," akaniambia, mkono juu ya simu. "Asema namba aiona."

Tulimrudisha nyumbani. Kumwosha tulikuwa watu watatu: mimi, binti wa mjomba wa kumimina maji, na yule bibi aliyekuwa mwenzake mama katika kazi hiyo tangu nikiwa mdogo. Bibi alifunga mlango, akaweka ndoo, akatandaza leso juu ya mama kumsitiri. Alivishika vidole vyake akavikagua kimoja kimoja. Kucha zilikuwa safi, hata hina haikuwamo. Kisha akaufikia mkono, akasimama, akanitazama mimi.

"Haya ni yako, mwanangu. Maji hayatapita hapa."

Kilikataa kutoka. Gundi ilikuwa imeshika kama alivyosema mama itashika. Nilianza kwa ukingo, kwa ukucha wa dole gumba, mahali pale pale alipokuwa akianzia yeye, nikipitisha maji ya uvuguvugu, nikiomba radhi kwa kila nilichovuta. Kilipoachia nilikitia kwenye beseni la taka. Simu yake ilikuwa ndani ya mkoba, umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Ikalia mara moja, ikanyamaza.

Nilichokiona chini yake sitakiandika. Hiyo ni sheria ya waosha, na mama aliishika kwa kila mwanamke wa mtaa huu: ulichokiona juu ya mwili wa maiti kinabaki kati yako na Mola wako. Bibi alinikumbusha tulipomaliza, akikunja mikono ya dera lake. "Tuliyoyaona yamebaki hapa, mwanangu." Nikasema inshallah, na moyoni nilishukuru, kwa sababu amana ile ilinifaa. Kwa siku nyingi nilijificha nyuma yake. Lakini gundi si amana. Gundi sikuiona juu ya maiti. Gundi niliinunua mimi, mama yuko hai.

Alisaliwa baada ya magharibi, akazikwa usiku ule ule. Mdogo wangu alifika kesho yake, amekonda, bado amevaa viatu vya kazi. Hakunilaumu kwa lolote. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, nilikuwa hata na majibu, naye akaniinamia akanikumbatia akaniambia, "Pole, dada. Ulibeba peke yako." Ingekuwa heri angenipiga.

Siku ya hitima, wageni walipotoka, alikuja chumbani kwa mama nilikokuwa nakunja nguo. Akakaa kitandani, akatoa simu yake. Alikuwa ameihifadhi ile picha ya siku ya mwisho, mstari wa namba za mama kuanzia alfajiri. Mstari ulikwenda chini chini, ukakatika.

"Mjomba alichanganyikiwa," akasema. "Alinipigia saa tisa na nusu akaniambia Mama amefariki. Tazama hapa. Saa kumi na moja na dakika ishirini. Ndipo ilipokatika. Nilikuwa naye, dada. Nilisimamisha lori nikawa namtazama mpaka mwisho."

Nikaendelea kukunja dera. Lilikuwa lile la maua ya zambarau, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umekauka gundi.

"Sivyo?" akaniuliza. "Saa kumi na moja na ishirini?"

Kumwambia sivyo kungekuwa kumwambia yote. Kwamba namba ile ilikuwa uongo siku zote zile. Kwamba kwa namba ile aliiondoa dawa mwilini mwa mama, sindano moja baada ya nyingine, kwa mapenzi. Kwamba mimi nilijua kwa nini inaongopa, na kitubu chenye picha ya jicho kilikuwa ndani ya mtoto wa meza, shubiri moja kutoka gotini kwake.

"Ndiyo," nikasema.

"Alisema nini dakika zile?"

"Alikutaja."

Akalia, nami nikamshika kichwa kama nilivyomshika mama.

Ameshatimiza mwaka tangu arudi Uarabuni. Hunipigia siku za Ijumaa. Ameniambia kwamba kila siku, ikifika saa kumi na moja na dakika ishirini za hapa kwetu, huliweka lori kando ya barabara, popote alipo, akamsomea mama Yasini, kwa sababu ndiyo saa aliyotoka duniani. Mimi humwitikia amina. Saa hiyo mama alikuwa amelala juu ya kitanda cha kuoshea, na aliyeikata ile namba ni mimi, kwa ukucha wangu, ili maji yapite.